Harry Ramsden: Mkaanga chipsi aliyejenga jumba kutokana na mkopo wa pauni 150

WAFANYABIASHARA wengi wadogo huamini kwamba utajiri umejificha kwenye bidhaa mpya ambayo jirani hana. Wakiona kila kona kuna mkaanga chipsi, husema biashara hiyo imeshajaa na huanza kutafuta nyingine. Maisha ya Harry Ramsden, Mwingereza aliyekaanga samaki na viazi katika mji mdogo wa Guiseley, mkoani Yorkshire, yanaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo.

Ramsden hakubuni chakula kipya. Alipofungua kibanda chake mwaka 1928, Uingereza ilikuwa na maduka ya samaki na chipsi yanayokadiriwa kufikia 35,000. Kwa hesabu ya kawaida, soko lilikuwa limejaa hadi pomoni. Hata hivyo, miaka mitatu tu baadaye alikuwa na jumba la kulia lenye viti 250, na kwa miaka mingi jumba hilo lilitambulika kuwa duka kubwa kuliko yote duniani la samaki na chipsi.

Alichokifanya kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Alikipeleka chakula cha bei rahisi mahali watu walipokuwa wanapita, akampa mlaji wa kipato cha chini heshima iliyokuwa ya matajiri, na bei akaiacha pale pale mlaji huyo alipoweza kuifikia. Namna alivyofika huko, na yaliyolipata jina lake baada ya kuuza biashara, ni habari yenye mafunzo kwa yeyote anayeuza chakula au anayelima viazi.

Chakula cha watu wa viwandani

Samaki wa kukaanga walikuwa wakiuzwa mitaani London tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na utaalamu huo unahusishwa na Wayahudi waliotokea Ureno na Hispania. Chipsi zilikuja baadaye. Nani aliyeziunganisha bidhaa hizo mbili kwa mara ya kwanza ni ubishi usiokwisha. Watu wa London humtaja Joseph Malin wa miaka ya 1860, ilhali wa kaskazini humtaja John Lees, aliyeuza katika mji wa Mossley mwaka 1863.

Kuenea kwa biashara hiyo kulitokana na mambo matatu yaliyokutana kwa wakati mmoja. La kwanza ni meli za uvuvi za mvuke, ambazo kuanzia miaka ya 1880 zilileta samaki wengi kutoka bahari za kaskazini hadi bandari za Hull na Grimsby. La pili ni reli, iliyosafirisha samaki hao wakiwa kwenye barafu na kuwafikisha miji ya ndani kabla hawajaharibika. La tatu ni viwanda vya nguo vya Lancashire na Yorkshire, ambavyo viliajiri wanaume na wanawake kwa maelfu.

Mama aliyeshinda kwenye mtambo wa kufuma tangu alfajiri hakuwa na nguvu wala muda wa kupika chakula cha jioni. Kwa peni chache alipata samaki na chipsi za moto, akafungiwa kwenye karatasi na gazeti la zamani, akaenda kulisha familia. Kufikia mwaka 1910 maduka ya aina hiyo yalikadiriwa kuwa 25,000, na mwaka 1913 wakaangaji wakaunda shirikisho lao la taifa ili kutetea maslahi yao.

Pamoja na umaarufu huo, biashara yenyewe ilidharauliwa. Mafuta yalinuka, moshi uliwakera majirani, na mteja alikula amesimama au akitembea barabarani. Katika miji kadhaa ukaangaji wa samaki uliwekwa kwenye kundi moja la kisheria na biashara zenye kero, kama vile uchemshaji wa mifupa na damu, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1940. Watu wenye nafasi zao hawakutaka kuonekana wakiingia kwenye duka la chipsi.

Hiyo ndiyo biashara aliyoikuta Harry Ramsden.

Ugonjwa ulioihamisha familia

Ramsden alizaliwa mwaka 1888 na alifanya kazi ya kukaanga samaki na chipsi katika jiji la Bradford. Jiji hilo lilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa duniani vya viwanda vya sufu. Sufu ilileta ajira na fedha, lakini pia ilileta mabomba mengi ya moshi wa makaa ya mawe. Nyumba zilikuwa nyeusi kwa masizi, na hewa yake haikumfaa mgonjwa wa mapafu.

Mke wake, Beatrice, aliugua kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kuutibu, iligunduliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo, daktari alichoweza kumshauri mgonjwa ni kupumzika, kula vizuri na kuishi kwenye hewa safi. Mwenye uwezo alihama mji, na asiyekuwa nao alibaki akisubiri.

Ramsden, ambaye alikuwa karibu na umri wa miaka 40, aliamua kuhama. Alikiacha kijiwe alichokizoea na wateja waliomfahamu, akaihamishia familia yake Guiseley, mji ulioko kati ya jiji la Bradford na nyanda za juu za Ilkley Moor. Kwa mfanyabiashara mdogo, uamuzi wa namna hiyo ni mzito. Mtaji wake mkubwa huwa ni wateja wanaomjua, na mtaji huo haufungwi kwenye mizigo wakati wa kuhama.

Kibanda cha White Cross

Alikopa pauni 150, na mwishoni mwa mwaka 1928 akaanza kukaanga kwenye kibanda kidogo cha mbao katika sehemu ya Guiseley iitwayo White Cross.

Mtu anayepita leo anaweza kudhani kwamba mahali hapo palichaguliwa kwa bahati. Lakini ukiitazama ramani utaona jambo jingine. White Cross ni makutano ya barabara. Barabara itokayo Leeds na ile itokayo Bradford hukutana hapo kabla ya kuelekea Ilkley na bonde la mto Wharfe. Aidha, tramu zilizotoka Leeds zilikuwa zinaishia hapo hapo, hivyo abiria alilazimika kushuka.

Siku za kazi walipita wafanyakazi na wasafiri wa kawaida. Mwisho wa wiki na siku za sikukuu mambo yalibadilika. Maelfu ya watu wa viwandani walitoka Leeds na Bradford kwenda kutembea kwenye nyanda za juu, kuvuta hewa isiyo na moshi. Asubuhi walipita wakiwa na shauku ya matembezi, na jioni walirudi wakiwa na njaa, baridi imewaingia, na mfukoni zimebaki peni chache. Walichokikuta kwenye kituo cha tramu ni harufu ya chipsi.

Kwa lugha ya uchumi, Ramsden hakwenda kugombania wateja wa mtaani ambao tayari walikuwa na duka lao. Alikwenda kwenye njia ya watu ambao kila siku walikuwa wapya, na ambao kwa saa ile hawakuwa na chaguo lingine la karibu. Maduka 35,000 yalikuwepo nchini, lakini mengi yalikuwa yamejazana kwenye mitaa ya makazi.

Siri ya jikoni

Mahali pazuri humleta mteja mara ya kwanza tu. Kumrudisha ni kazi ya chakula chenyewe, na hapa Ramsden alifuata kanuni za Yorkshire bila kuzipunguza.

Wakaangaji wa mkoa huo hutumia mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa badala ya mafuta ya mimea. Mafuta hayo huvumilia moto mkali, huipa chipsi ladha nzito na huufanya unga unaozunguka samaki uwe mkavu na wa kuvunjika. Wataalamu wa afya wa leo wangemwonya mlaji asizidishe, kwa kuwa mafuta ya wanyama yana madhara kwa moyo. Kwa mfanyakazi wa zama zile aliyetembea maili kumi kwenye baridi, chakula chenye nguvu ndicho alichokihitaji.

Samaki anayependwa Yorkshire ni hadoki, aliyechunwa ngozi. Kusini mwa nchi wengi hupendelea samaki aitwaye kodi, ambaye hana uhusiano wowote na ile inayodaiwa na serikali. Samaki huchovywa kwenye rojo la unga wa ngano, kisha huzamishwa kwenye mafuta yenye joto la takriban nyuzi 180. Rojo huganda upesi na kuwa kama ganda, na samaki aliye ndani huiva kwa mvuke wake mwenyewe bila kunyonya mafuta mengi.

Kwenye viazi ndiko mkulima anapoingia. Si kila kiazi kinafaa kwa chipsi. Kiazi chenye maji mengi hunywa mafuta na kutoa chipsi iliyolegea. Kinachotakiwa ni kiazi kilichokomaa, chenye wanga wa kutosha. Aidha, kiazi kikihifadhiwa kwenye baridi kali, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na kikikaangwa huwa cheusi nje kabla hakijaiva ndani. Kwa sababu hiyo maghala ya viazi vya chipsi Uingereza hayashushwi joto kama yale ya viazi vya mbegu. Mkaangaji mzuri alimjua mkulima wake, alijua aina ya kiazi, na alijua kimekaa ghalani kwa muda gani.

Faida nyingine ya biashara ya namna hii ni ufupi wa orodha yake. Samaki, viazi, unga, mafuta, chumvi na siki, pamoja na njegere za kupondwa na chai kwa wanaokaa mezani. Mwenye duka alinunua vitu vichache kwa wingi, akavizungusha haraka, na kilichooza kilikuwa kidogo. Hata vipande vya rojo vilivyodondoka kwenye mafuta vilikusanywa na kupewa wateja, hasa watoto. Katika Yorkshire vipande hivyo bado vinapendwa mpaka leo.

Kila mkoa na kikaango chake

Ni vyema kufahamu kwamba chakula cha kufungiwa cha Uingereza hakifanani nchi nzima. Katika bandari ya Hull huuzwa pati ya viazi vilivyopondwa na kutiwa majani ya kiungo, kisha ikachovywa kwenye rojo na kukaangwa. Yorkshire wana keki ya samaki ambayo ni vipande viwili vya kiazi vilivyobana samaki katikati. Katika eneo la Black Country, jirani na Birmingham, chipsi zenyewe huvikwa rojo na kutoka na rangi ya chungwa.

Watu wa Wigan huweka pai nzima ya nyama ndani ya mkate. Middlesbrough hujivunia parmo, nyama ya kuku au nguruwe iliyovikwa chenga za mkate, ikakaangwa, ikamwagiwa mchuzi mweupe na jibini juu. Uskoti, duka moja la mji wa Stonehaven lilianza miaka ya 1990 kukaanga chokoleti ya Mars ndani ya rojo la samaki, na habari hiyo ikazunguka dunia.

Vyakula vingi vya aina hiyo vimetokana na kile kilichopatikana karibu na kwa bei nafuu, pamoja na ujanja wa mkaangaji wa kutoacha mafuta ya moto yakae bure. Karibu vyote vimebaki katika maeneo yake. Samaki na chipsi ndicho chakula kilichovuka mipaka ya mikoa na kuwa cha taifa zima, na Ramsden ni mmoja wa waliokifanya kikubalike hata kwa waliokuwa wakikidharau.

Jumba katikati ya mdororo

Kibanda kilifanya kazi vizuri kiasi kwamba Ramsden alifikiria kujenga. Wakati alioamua kufanya hivyo ndio unaoshangaza. Mwishoni mwa mwaka 1929 soko la hisa la Marekani lilianguka, na mdororo ukaenea dunia nzima. Viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza vilikuwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Kufikia mwaka 1931 wasio na kazi nchini humo walizidi milioni mbili, na mwanzoni mwa mwaka 1933 walikaribia milioni tatu.

Katika mwaka huo huo wa 1931, Ramsden alifungua jumba lake kando ya kibanda. Halikuwa duka la kawaida lililoongezwa ukubwa. Alitaka mteja aone fahari ya hoteli kubwa za London. Sakafu ilifunikwa zulia kutoka ukuta hadi ukuta, darini zilining'inia taa kubwa za vioo, na madirisha yalikuwa na vioo vya rangi. Wahudumu walileta chakula mezani, na mteja alikula kwa uma na kisu akiwa ameketi.

Kilichokuwa mezani ni kile kile: samaki, chipsi, mkate na siagi, na chai.

Wengi walimwona kama mtu anayejitafutia hasara. Ukipiga hesabu, lakini, uamuzi wake haukuwa wa kubahatisha. Wakati wa mdororo bei za vyakula na malighafi zilishuka, hivyo aliyebaki na kazi, hata kwa mshahara ule ule, aliweza kununua zaidi. Watu kama hao walikuwa bado wengi kuliko waliokosa kazi. Hawakuwa na fedha za kwenda hoteli kubwa au kulala ufukweni wiki nzima, lakini walikuwa na fedha za nauli ya basi na sahani ya samaki.

Kwa watu hao, jumba la White Cross lilikuwa mahali pa kwenda. Familia ilivaa nguo za Jumapili, ikapanda tramu au basi, ikaketi chini ya taa za kifahari, na kulipa bei ya chakula cha mtaani. Fundi wa kiwandani na mkewe walihudumiwa kama watu wa maana. Mabasi ya matembezi yalianza kupanga safari zao ili yasimame hapo, na baada ya muda jumba lilikuwa likihudumia wateja wanaokaribia milioni moja kwa mwaka.

Kibanda hakikubomolewa. Kilihifadhiwa kando ya jumba kwa miaka mingi, na kila mteja aliyeingia aliona mwenye mali alikoanzia.

Vita na mgawo

Mwaka 1939 Vita Kuu ya Pili ilianza, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanza kugawa chakula kwa vitabu vya mgawo. Nyama, siagi, sukari na mafuta ya kula vilipimwa kwa kila mtu. Samaki na viazi havikuwekwa kwenye mgawo huo. Serikali ilifahamu kwamba mfanyakazi asiyepata chakula cha moto na cha bei nafuu hukata tamaa, na kwa hiyo maduka ya chipsi yaliachwa yaendelee na kutengewa mafuta yake ya kukaangia.

Hata hivyo, kutokuwepo kwenye mgawo hakukumaanisha kupatikana kwa wingi. Meli nyingi za uvuvi zilichukuliwa na jeshi la majini, na bahari ilikuwa na mabomu. Samaki walipungua na bei ikapanda. Foleni ndefu nje ya maduka ya chipsi zikawa jambo la kawaida kote nchini. Mgawo haukuisha na vita. Uliendelea kwa miaka tisa zaidi na kumalizika mwaka 1954.

Chipsi kwa bei ya mwaka 1912

Mwaka 1952 jumba lilitimiza miaka 21. Ramsden, akiwa na zaidi ya miaka 60, aliamua kusherehekea kwa namna iliyobaki kwenye kumbukumbu za Yorkshire. Alitangaza kwamba kwa siku moja atauza samaki na chipsi kwa bei ya mwaka 1912, yaani peni moja na nusu.

Watu walimiminika kutoka kila upande, na siku hiyo zikauzwa sahani 10,000.

Hapa inafaa kupiga hesabu. Zama hizo pauni moja ilikuwa na peni 240. Sahani 10,000 kwa peni moja na nusu ni peni 15,000, sawa na pauni 62 na nusu. Kwa bei za mwaka 1952, fedha hizo zisingeweza kurudisha gharama ya samaki, achilia mbali mafuta, makaa na mishahara. Ramsden alijua hilo. Alichokinunua kwa hasara ile ni habari. Magazeti yaliandika, waliokula wakasimulia, na wasiokuwepo wakataka kupaona. Tangazo la kulipia la kiasi hicho hicho lisingefika mbali hivyo.

Sherehe ya namna hiyo humfaa mfanyabiashara ambaye tayari ana jiko linaloweza kutoa sahani 10,000 kwa siku. Asiye na uwezo huo, akitangaza bei ya bure, huambulia foleni ya watu wenye hasira.

Anauza akiwa hai

Mwaka 1954 Ramsden aliiuza biashara kwa Eddie Stokes, mtu waliyefanya naye kazi kwa muda mrefu, kwa pauni 37,500. Ukilinganisha na mkopo wa pauni 150, ni mara 250. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo 26 thamani ya fedha ilishuka, lakini bado ni ongezeko ambalo wakopaji wachache hulifikia.

Wengi katika umri ule hung'ang'ania biashara hadi nguvu ziwaishie, na wakiondoka warithi hugombana mpaka duka likafungwa. Ramsden aliuza wakati jumba limejaa wateja na mgawo wa chakula unakwisha, na alimuuzia mtu aliyelijua jiko. Alifariki dunia mwaka 1963.

Jina labaki, jumba lafungwa

Mwaka 1965 kampuni ya Associated Fisheries ililichukua jumba hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likapata wamiliki waliotaka kulipeleka jina la Harry Ramsden mbali zaidi. Mwaka 1989 hisa za kampuni ziliuzwa kwenye soko la hisa la London. Matawi yakafunguliwa katika miji mingine ya Uingereza, kwenye vituo vya barabara kuu, na mwaka 1992 tawi likafunguliwa Hong Kong. Baada ya hapo kampuni ilibadili mikono mara kadhaa, na kila mwenye mali mpya alikuwa na mipango yake.

Mwishoni mwa mwaka 2011 wamiliki wa wakati huo walilifunga jumba la Guiseley, wakieleza kwamba lilikuwa linapata hasara na lilihitaji fedha nyingi za ukarabati. Matawi yaliendelea kuuza kwa jina la mtu aliyeanzia White Cross, wakati White Cross kwenyewe taa zimezimwa. Wakazi wengi wa Yorkshire waliumia.

Aliyelinunua hakuwa mgeni wa biashara hiyo. Ni Wetherby Whaler, kampuni ya huko huko Yorkshire yenye maduka machache ya samaki na chipsi. Ilikarabati jumba na kulifungua tena mwaka 2012 kwa jina lake yenyewe. Watu wakarudi kwenye meza zao, samaki wakiwa hadoki wa kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe.

Leo Uingereza ina maduka ya samaki na chipsi zaidi kidogo ya 10,000, chini ya theluthi moja ya yaliyokuwepo Ramsden alipoanza. Kupanda kwa bei za mafuta, samaki na nishati baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022 kuliyabana zaidi, na baadhi yamefungwa. Yaliyobaki yanapambana na maswali yale yale ya mwaka 1928: kiazi kinatoka wapi, mafuta yanagharimu kiasi gani, na mteja anapita njia ipi.

Funzo kwa mfanyabiashara

Maisha ya Harry Ramsden yanatoa mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, soko lililojaa linaweza kuwa na nafasi kwa anayejua watu wanapita wapi na saa ngapi wanakuwa na njaa. Kabla ya kulipa kodi ya fremu, ni vyema kusimama barabarani na kuhesabu.

Pili, mteja wa kipato cha chini anapenda usafi, kiti na lugha nzuri kama mtu mwingine yeyote, na akivipata bila kupandishiwa bei atarudi na familia nzima. Tatu, ubora wa chipsi huanzia shambani na ghalani. Mkaangaji na mkulima wa viazi wakikubaliana juu ya aina, ukomavu na uhifadhi, wote wawili hupunguza hasara.

Nne, jina zuri linaweza kuuzwa na kusafiri, lakini uangalifu wa aliyelijenga haumo ndani ya mkataba. Jina la Ramsden lilifika hadi Hong Kong, na bado jumba alilolijenga likafungwa. Lilifufuka lilipopata tena mwenye mali aliyekaa karibu na jiko.